Kiberiti cha Hajira

Kila siku ya shule Grasiana aliziba pua mara tatu. Mara ya kwanza ni alipopita jalala la kambi. Mara ya pili ni alipofika kwenye mfereji wa korona, ile mashine kubwa ya kukamua majani ya mkonge, ambao ulitiririsha maji ya kijani yenye povu na uvundo kama wa matumbo ya ng'ombe yaliyolala juani. Mara ya tatu, na hapa alishika pua kwa mikono miwili, ni alipokatisha katikati ya mistari ya mkonge. Vyoo viwili vya kambi vilikuwa vimejaa tangu masika, kwa hiyo watu mia mbili walijisaidia humo, na njia ya shule ilipita humo humo. Grasiana aliruka huku, akachepuka kule, miguu peku, akitema mate kila hatua.

Alikuwa mtu wa kinyaa tangu uchanga. Hakunywea kata aliyonywea mwingine. Nzi mmoja akielea kwenye uji, uji wote ulikuwa wa kuku.

"Wewe ungezaliwa bila tumbo ungepumzika, mwanangu," mama yake, Lea, alizoea kumwambia.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Grasiana hakukionea kinyaa, na hakuna aliyekijua. Alikula udongo. Ukuta wa jiko ukirushiwa maji na kutoa ile harufu ya mvua ya kwanza, mate yalimjaa mdomoni. Alimega kipande, akageukia pembeni, akakitafuna upesi upesi kama mwizi wa sukari.

Mwaka ule, 1952, alikuwa darasa la nne katika shule ndogo iliyokuwa juu ya kilima, nje kidogo ya Korogwe. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani. Wasichana watakaofaulu wangekwenda shule ya kati, ya bweni. Baba yake, Valerian, aliyekuja kutoka Njombe kwa mkataba wa manamba na kubaki, alikuwa amesema mara moja tu, naye hakuwa mtu wa kurudia maneno: "Ukifaulu, utakwenda. Ukishindwa, kuna katani za kuanika."

Grasiana aliwajua wanawake walioanika katani. Alijua mikono yao ilivyopasuka. Hakuitaka kazi ile. Ila siku hizi kilima cha shule kilikuwa kimerefuka. Kila baada ya hatua ishirini alisimama, moyo ukimgonga hadi masikioni. Darasani usingizi ulimwangusha juu ya kitabu. Yordani, aliyekaa nyuma yake, alimbatiza jina la Bibi Kizee.

Jumatatu moja dresa, msaidizi wa daktari katika hospitali ya shamba la mkonge, alikuja shuleni. Aliitwa Mdoe, Mzigua wa Kang'ata huko Handeni, mtu mwembamba wa kaptula ya kaki na sauti ya kuuza samaki.

"Kesho," alisema, "kila mmoja ataniletea choo chake ndani ya kiberiti. Juu ya kiberiti aandike jina. Nataka kiasi cha punje ya hindi. Atakayeniletea kiberiti kilichofurika nitamrudishia mwenyewe."

Darasa zima lilipiga kelele. Wavulana waligongana mabega kwa kicheko. Grasiana hakucheka. Aliziba pua hapo hapo alipoketi.

Kesho yake alijitahidi. Mungu ndiye shahidi wake. Alikwenda mistarini na kijiti na kiberiti kitupu. Aliinama, akafumba macho, akayafumbua, akaona, na uji wote ukatoka. Akatupa kijiti mbali kana kwamba kilikuwa nyoka.

Alimkuta Hajira kwenye kijito, ameketi juu ya jiwe na makatambuga yake ya tairi miguuni. Hajira alikuwa binti wa Mzee Mwinjuma, mkulima wa ng'ambo ya kijito. Wao hawakukaa kambini, walikuwa na shamba lao la mihogo na choo cha shimo ambacho Mzee Mwinjuma alikichimba mpaka kichwa chake kikapotea ardhini. Hakuna kitu duniani kilichomtia Hajira kinyaa. Aliweza kumshika chura huku anakula.

"Mbona macho mekundu? Umetapika?" aliuliza Hajira.

"Siwezi, Hajira. Siwezi kukitia kwenye kiberiti. Nitakufa."

"Choo chako mwenyewe?"

"Usiseme hilo neno!"

Hajira alimtazama, kisha akautazama muwa uliokuwa kwapani mwa Grasiana. "Lete hicho kiberiti. Mimi leo Mungu kanijalia. Nipe huo muwa."

"Hajira!"

"Basi kapeleke kitupu, Dresa akufokee mbele ya watu. Wala wewe si wa kwanza kuniomba."

Grasiana aligeuka, akaziba masikio na pua kwa pamoja jinsi alivyoweza. Aliporudishiwa kiberiti kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa katani. Akaandika jina lake juu yake.

Siku ya Ijumaa Mwalimu Dunstan alisoma majina. Wanafunzi ishirini na mmoja kati ya thelathini na wawili walikuwa na minyoo ya safura. Hao walikwenda hospitali, wakarudi na hadithi za kutisha: dawa yenyewe ilinuka kama mafuta ya taa yaliyochacha, na juu yake ukanyweshwa chumvi ya haluli, ukashinda chooni mpaka miguu ikafa ganzi.

"Hajira Mwinjuma, safi," Mwalimu alisoma. "Grasiana Valerian, safi."

Grasiana alishusha pumzi. Nimepona bila kuguswa, aliwaza. Hakuwaza kwamba aliyepona ni Hajira, tena Hajira hakuwa mgonjwa.

Wiki iliyofuata Mwalimu Dunstan aliingia na kapu. Juu ya meza akapanga mtungi wa maji, vipande vya makaa, chaki, chumvi kidogo na msumari mmoja mdogo.

"Nimemweka Yordani mezani," alisema.

Watu walicheka, Yordani akainuka kutazama.

"Sitanii. Zaidi ya nusu ya Yordani ni maji. Katika nyama yake na mafuta yake mmejaa kitu kile kile kilichomo ndani ya makaa, kinaitwa kaboni. Mifupa na meno yake yana kitu kilichomo ndani ya chokaa. Jasho lake lina chumvi, mtu yeyote aliyelamba mkono wake anajua. Na ndani ya damu yake yote kuna chuma, kiasi cha msumari huu."

"Basi mimi ni duka la Mhindi," alisema Yordani.

"Duka dogo," alijibu Mwalimu, na darasa likacheka tena. "Sasa sikilizeni. Huu msumari ni mdogo, lakini bila huu Yordani hasimami. Chuma cha damu hushika hewa ya oksijeni mapafuni na kuipeleka kwenye miguu, kwenye moyo, kwenye ubongo. Chuma kikipungua, mtu anapumua vizuri kabisa, lakini hewa haifiki. Atachoka akiwa amekaa. Atalala darasani."

Grasiana aliketi wima. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi usingizi ulimtoka.

"Mwalimu," aliuliza, "chuma kinatoka wapi?"

"Kimetapakaa. Hata udongo wetu huu mwekundu, wekundu wake ni chuma kilichoungana na oksijeni. Ni kutu."

Kengele ililia. Mwalimu alikuwa bado ana la kusema, lakini Grasiana alikuwa amekwisha kuondoka kimawazo. Kumbe! Mwili wake ulikuwa umeijua dawa siku zote. Udongo ule wa ukuta ulikuwa mweupe mweupe tu, ndiyo maana haukumtosha. Alichohitaji ni udongo mwekundu.

Njiani palikuwa na kichuguu chekundu kama pilipili. Tangu siku ile alikula kiganja kimoja asubuhi na kiganja kimoja jioni, kwa saa maalumu kama mtu anayekunywa dawa ya hospitali. Ulikwaruza meno. Ulimganda kooni. Tumbo lilimvimba, akawa hapati choo siku nne, na uso ukamuumuka kama andazi. Lakini alivumilia, maana dawa ndivyo zilivyo, hazipendezi.

Wiki ya tatu Mwalimu Dunstan alimwita ubaoni kufanya hesabu. Aliandika tarakimu mbili. Ya tatu hakuiona. Alisikia tu chaki ikivunjika sakafuni, na kwa mbali sauti ya Yordani, ambayo safari hii haikuwa ya mzaha: "Mwalimu, amekufa!"

Hakuwa amekufa. Alizinduka juu ya baiskeli ya Mwalimu, halafu juu ya kitanda cha hospitali ya shamba, Lea amemshika miguu na Dresa Mdoe amemwinamia.

"Shikamoo," Grasiana alinong'ona.

"Marahaba. Toa ulimi." Alitoa. Dresa alikunja uso. "Umekula nini asubuhi?"

"Uji."

"Uji wa matofali?"

 Dresa alimvuta kope ya chini kwa kidole. Ndani ya kope panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama ganda la yai. Akamwonyesha Lea, naye Lea akaweka mkono mdomoni.

"Mama, tazama kwenye orodha yangu," alisema Dresa. "Hapa nimeandika kwa mkono wangu kwamba mtoto huyu hana hata yai moja la mnyoo. Basi, kama si safura, ni ugonjwa nisioujua mimi. Nitampeleka Tanga. Watamlaza mpaka waujue. Inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa miezi miwili."

"Na mtihani?" aliuliza Grasiana.

"Mtihani umebakiza wiki sita. Wewe unataka mtihani au unataka damu?"

Grasiana alitazama dari. Tanga. Miezi miwili. Halafu katani. Kulikuwa na maneno machache tu ambayo yangemzuia kwenda Tanga, nayo yalikuwa yamemkaa kooni, machafu kuliko udongo.

"Hakikuwa changu," alisema.

"Nini?"

"Kile cha kwenye kiberiti. Kilikuwa cha Hajira."

 Kisha Lea akasema polepole, "Choo cha Hajira. Mwanangu, ulikiomba choo cha mtu?"

"Nilimpa muwa, mama."

"Yesu na Maria! Na muwa juu!"

Dresa Mdoe hakucheka, ingawa masharubu yake yalicheza. "Binti, hadubini haisomi jina lililoandikwa juu ya kiberiti. Inasoma kilichomo ndani. Mimi nilimpima Hajira mara mbili, wewe sikukupima hata mara moja. Mama, tafadhali mpeleke nyuma. Na safari hii mshike mkono hadi amalize."

Baada ya saa moja alimwita Grasiana kwenye meza ya hadubini. "Tazama mwenyewe."

"Sitaki."

"Najua hutaki. Tazama."

Aliweka jicho. Mwanzoni aliona kope zake tu. Kisha, katikati ya matope ya manjano, akaviona vijiduara laini, vyenye ukuta mwembamba kama povu la sabuni, na ndani ya kila kimoja chembe zimekusanyika. Vilikuwa vingi. Vilijaa kila alikosogeza jicho.

"Mayai," Dresa alisema sikioni mwake. "Mama zao wako tumboni mwako sasa hivi, tunapozungumza. Kila mmoja amekaza meno kwenye utumbo na ananyonya. Usiku na mchana. Chuma chote unachokula kinaishia kwao."

Grasiana alikimbilia mlangoni, akatapika maji mekundu ya udongo.

"Lakini nilikuwa nakila," alilia, akijifuta. "Chuma. Mwalimu alisema udongo mwekundu una chuma. Nimekula wiki tatu!"

 Pale Dresa alimwelewa. Alichukua bilauri mbili za maji safi. Katika moja alitia bonge la udongo alilolibandua chini ya kiatu chake, katika nyingine akatia kidonge alichokiponda, akakoroga zote mbili. Walisubiri. Udongo ulizama wote, ukatulia chini kama ulivyoingia. Bilauri ya kidonge ilibaki na maji ya kijani hafifu, na kidonge hakikuonekana tena.

"Bilauri zote mbili zina chuma," alisema Dresa. "Tofauti ni chuma kimeungana na nini. Cha udongo kimeshikana na oksijeni kikawa kutu, hakiyeyuki, utumbo haukipokei. Kinaingia kutu, kinatoka kutu. Tena ule udongo unakamata hata kile chuma kidogo cha kwenye mchicha wa mama yako, unatoka nacho. Cha kidonge kimeunganishwa na kitu kingine, kinayeyuka, kinaingia kwenye damu. Mwalimu wako hakukosea. Wewe uliondoka kabla hajamaliza."

"Kwa nini basi nilikuwa nautamani sana?"

"Mwili unajua kulilia chuma. Haujui kukichagua. Kuchagua ni kazi ya kichwa."

Asubuhi iliyofuata alikunywa ile dawa. Kila aliyemsimulia alikuwa amepunguza. Iliunguza, ilinuka, na ladha yake ilikaa puani kutwa nzima. Haluli ikafuata, chungu kama nyongo. Kisha Dresa alimpa beseni badala ya kumruhusu chooni, na mchana wakachuchumaa wote wawili uani, yeye na Dresa, na chujio, maji na kijiti.

"Mimi lazima nihesabu ili nijue dawa imefanya kazi," Dresa alisema. "Wewe si lazima."

Grasiana alikaza meno. Viminyoo vilikuwa vyembamba kama uzi, vyeupe vyenye wekundu kidogo, virefu kama ukucha, vimepinda vichwa. Wekundu ule ulikuwa damu yake. Hilo ndilo lililomkasirisha, na hasira ilikuwa na nguvu kuliko kinyaa. Alichukua kijiti cha pili.

"Kumi na saba," alisema. "Kumi na nane. Huyu hapa wa kumi na tisa, mshenzi huyu."

Walifika mia moja thelathini na mmoja.

Jumapili Hajira alikuja kumtazama, amebeba ndizi mbivu na uso wa mtu aliyevunja chungu. Alimwamkia Dresa kwa kupiga goti kabisa.

"Shikamoo, Bwana Dresa. Nilidhani namsaidia."

"Marahaba. Ulimgawia mwenzako afya yako, na afya haigawiki kwa namna hiyo. Ulimgawia yeye peke yake?"

Hajira alitazama makatambuga yake. Akainua vidole vinne.

"Vinne?" Lea alipiga kelele. "Mtoto wewe, ulikuwa na tumbo la tembo?"

"Siwezi kuwataja," alisema Hajira. "Niliapa."

 Grasiana alikumbuka nyuso za darasani. Alimkumbuka Justa, aliyekaa dirishani, ambaye naye siku hizi mashavu yalikuwa yamemuumuka, na ambaye alikuwa akilamba chaki watu wakigeuka.

Vidonge vya chuma vilipompa nguvu za kupanda kilima, hakukaa kwenye nafasi yake. Alisimama mbele, akamwomba Mwalimu ruhusa.

"Kiberiti changu kilikuwa cha uongo," alisema.  "Nilipeleka choo cha mtu mwingine kwa sababu niliona kinyaa. Nilikuwa na minyoo mia moja thelathini na mmoja. Nimeihesabu mwenyewe, kwa kijiti. Ilikuwa inanyonya damu."

"Uuuuwi!" darasa lilipiga yowe. Msichana mmoja alifunika uso kwa kanga ya mwenzake.

"Tuko wanne tuliofanya hivyo. Wengine sikutajiwa. Lakini mimi nilianguka hapa, pale pale ubaoni, mkaona."

 Halafu kiti kilikwaruza nyuma. Alikuwa Yordani, mzaha wote umemwisha usoni. "Mimi mmoja," alisema. Mwanafunzi mwingine akainuka baada yake. Justa alikuwa wa mwisho, naye alikuwa analia kabla hajasimama. Walipopimwa upya, yeye ndiye aliyekuwa na mayai mengi, kuliko hata Grasiana. Dresa alimlaza siku tisa.

Huko kambini mambo hayakuishia kwenye vidonge. Lea aliwasimulia wanawake wa kambi habari ya lile beseni, wala hakuwapunguzia kitu, na wanawake wakawasimulia waume zao wakati wa kula. Valerian na wenzake walimfuata nyapara, wakaomba siku mbili na sululu. Vilichimbwa vyoo sita, virefu kama cha Mzee Mwinjuma. Grasiana alipata makatambuga yake ya kwanza.

Alifaulu mtihani, wa tatu darasani. Kabla ya kwenda shule ya bweni ilibidi apimwe, na Dresa Mdoe ndiye aliyemvuta kope ya chini, akatazama, akamwita Lea atazame. Palikuwa pekundu.

"Bwana Dresa," Lea alisema, "mtoto huyu bado anaona kinyaa. Jana kamwaga mboga kwa sababu ya unywele."

"Mwache aone," alijibu Dresa. Akamgeukia Grasiana. "Kinyaa si kibaya, mwanangu. Tumepewa kitukinge na uchafu. Ila chako kilikuwa kimekaa mahali pasipo pake. Ulikionea kinyaa kiberiti ambacho kingekuponya, lakini ile mistari uliyokanyaga peku kila siku, pale pale safura ilipokuwa inakungoja uipe nyayo ipenye, ulitema mate tu ukapita. Na uongo hukuuonea kinyaa hata kidogo. Ulipokuja kuuona, uongo huo ulikuwa umekunywa damu yako kuliko minyoo yote. Huko uendako utaambiwa mengi ya mwili. Ukiulizwa jambo lake, sema kweli, hata kama linanuka."

"Ndiyo, Bwana Dresa," alisema Grasiana.

Akaomba maji ya kunawa mikono, akanawa mara mbili, akambebea mama yake mzigo hadi stesheni, tayari kwa safari ya bweni.